Waziri Apumzike, Achekwe Mwenye Faili

Imekuwa desturi ya wasemaji wa mji huu wa Songea, na sidhani kama miji mingine ya Tanzania imesalimika, kukaa jioni mbele ya televisheni isiyochekesha na kutoa hukumu moja ambayo hakuna anayeikatia rufaa: kwamba tashtiti ya siasa imekufa nchini kwetu kwa kuwa wakubwa hawataki kuigwa, kwamba tulikuwa nayo zamani, walipotamba akina Joti na Masanja Mkandamizaji, na kwamba siku mchekeshaji atakaporuhusiwa tena kuvaa suti pana, kutanguliza tumbo, kukohoa kama Waziri fulani na kusema kwa lafudhi ya kwao Waziri huyo, umma utakuwa umerudishiwa silaha yake. Hukumu hii nimeisikia Lizaboni na nimeisikia Bombambili, imesemwa na walimu na imesemwa na madereva wa bodaboda, na kila anayeisema huisema kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kupingwa. Mimi naikataa. Wala siikatai kwa sababu ina kasoro ndogo inayoweza kuzibwa kwa maneno mawili matatu, bali kwa sababu imekosea kitu kinachopaswa kuchekwa, na aliyekosea shabaha hasaidiwi kwa kuongezewa mishale.

Nianze na sauti yenyewe. Sauti ya mtu, kimo chake, kigugumizi chake, namna lugha ya mama yake inavyopenya katika Kiswahili chake, hayo yote ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Hakuyachagua, hakuyaombea kura, wala hayakupeleka dawa katika zahanati yoyote wala kuiondoa. Alichokichagua ni kutia sahihi au kutotia, kulisoma dokezo au kulipitisha bila kulisoma, kuuliza fedha za kisima zilikwenda wapi au kunyamaza. Mchekeshaji anayekiacha hiki cha pili na kukishika kile cha kwanza amemcheka mtu kwa yale asiyostahili lawama na kumsamehe kwa yale anayostahili. Na mtu aliyesamehewa namna hiyo, akiwa na akili, atacheka pamoja na hadhira, atampa mchekeshaji mkono wa pongezi, kisha kesho yake atarejea ofisini bila jambo lolote kubadilika juu ya meza yake.

Ushahidi uko hadharani. Kundi la Ze Comedy, walimokuwamo Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Mac Regan, lilijipatia jina katika kituo cha East Africa Television katika muongo wa kwanza wa karne hii, kwa kuwaigiza wanasiasa, waimbaji na wahubiri kwa ustadi ambao sitaki mtu anidhanie kwamba ninaubeza, maana nami nilicheka nao hadi mbavu zikaniuma. Baadaye wakatengana na kituo hicho, wakajiita Ze Orijino Komedi. Na walihamia wapi? Walihamia TBC, televisheni ya umma inayoendeshwa na Serikali. Hapo ndipo ningependa wapinzani wangu watue kidogo na kutafakari. Ikiwa kuiga sauti za wakubwa ndiyo silaha ya umma, ni serikali gani duniani, seuze serikali yetu ambayo hata wapinzani wangu hawaisifu kwa upole, iliyowahi kuikaribisha silaha hiyo sebuleni mwake, ikaipa saa nzuri ya jioni na kuilipia umeme? Haikuwa ukarimu, wala wakubwa hawakupitiwa. Walijua, kwa maarifa yale ambayo watawala huwa nayo kuliko wahakiki, kwamba mtu anayeigwa anapendwa zaidi, na kwamba kiongozi ambaye hakuna mchekeshaji anayemwiga ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi, kwani maana yake ni kwamba hajulikani.

Wenzetu hupenda kuelekeza kidole Kenya wanapotaka kutuonesha ujasiri. Basi na twende Kenya. Walter Mong'are, maarufu kwa jina la Nyambane, pamoja na Tony Njuguna na John Kiarie, walipounda Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990 na kumleta Rais Moi jukwaani hali Rais Moi mwenyewe yungali Ikulu, walifanya jambo ambalo kizazi kilichowatangulia kisingethubutu hata kulinong'ona, na heshima yao wanastahili. Walakini heshima ya ujasiri ni kitu kimoja na faida ya tashtiti ni kitu kingine. Kashfa ya Goldenberg, iliyoikamua Kenya kwa kisingizio cha ruzuku ya mauzo ya dhahabu ambayo sehemu kubwa yake haikuwapo, haikutendwa kwa sauti nzito wala kwa rungu mkononi. Ilitendwa kwa fomu, kwa mihuri, kwa sahihi za watu ambao sura zao Mkenya wa kawaida hazijui hata leo, na ambao kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyewaiga. Na mmoja wa wale watatu, John Kiarie, mwaka 2017 alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Yule aliyekuwa akiwaiga waheshimiwa akawa mheshimiwa. Simlaumu, ni haki yake kikatiba, ila nasema njia kutoka jukwaa lile hadi ukumbi ule haikuwa na mlima mrefu. Kuhusu The XYZ Show ya mwaka 2009, ya mchoraji wetu Gado aliyezaliwa Dar es Salaam na kuhamia Nairobi mwaka 1992, ilikuwa na meno makali zaidi. Hata hivyo vikaragosi vyake vya mpira navyo vilikuwa nyuso, na uso, hata ukiukuza pua mara tatu, hauwezi kueleza namna zabuni inavyopikwa.

Uganda ndiyo inayonipa hoja bila mimi kuiomba. Mchekeshaji Teacher Mpamire amejijengea jina na maisha kwa kuiga sauti ya Rais Museveni, na ameiiga kwa miaka mingi, naye yupo salama salimini. Lakini Julai 2020 vijana wa kundi la Bizonto hawakuiga sauti ya mtu yeyote; walitoa video fupi wakiwataka wananchi wawaombee dua viongozi wao, wakawataja mmoja baada ya mwingine, mkuu wa chombo hiki na mkuu wa idara ile, hata msikilizaji akatambua mwenyewe kwamba wengi wa watajwa wanatoka upande mmoja wa nchi. Wanne kati yao walitiwa mbaroni kwa tuhuma za kuchochea ubaguzi. Tazama insafu ya jambo hili: sauti ya mkuu wa nchi inaruhusiwa, orodha ya vyeo hairuhusiwi. Dola hujua mahali mshipa wake ulipo, hata kama sisi watazamaji hatujui.

Na hatuna haja ya kuvuka mipaka kulijua hilo, kwani mkoa huu wetu wa Ruvuma una mfano uliotangulia televisheni kwa miaka mingi. Nenda Mbamba Bay siku ya sherehe ukawatazame Wanyasa wakicheza mganda: mistari iliyonyooka, mavazi meupe, mwendo wa gwaride, amri za kijeshi. Ngoma hii ni ndugu wa beni iliyozaliwa pwani wakati wa ukoloni, ambayo vyama vyake vilijipa vyeo vya kizungu vya kijeshi na vya kitawala, na wataalamu wamebishana tangu zamani kama wale wachezaji walikuwa wakimdhihaki Mzungu au wakimtamani. Nami nasema ubishi huo hautakwisha kamwe, kwa kuwa kuiga kwa tabia yake hubeba vyote viwili katika mwili mmoja, na mara nyingi anayeiga mwenyewe hajui ni lini alivuka kutoka dhihaka kwenda kwenye taadhima. Afisa wa Kiingereza aliyeketi kivulini akitazama beni hakuwa na sababu ya kukosa usingizi. Na ngoma ile, pamoja na uzuri wake ambao hadi leo hunifurahisha, haikumpunguzia mtu yeyote kodi ya kichwa.

Hapa mpinzani wangu atanikatiza, na ana haki ya kunikatiza, anikumbushe habari za Idris Sultan. Mwaka 2019 msanii huyu alihojiwa na polisi baada ya kusambaza picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais Magufuli. Na Mei 2020 alikamatwa tena baada ya kuonekana katika video akiicheka picha ya zamani ya Rais huyohuyo. Je, ataniuliza, hiyo si dalili kwamba uso wa mkubwa ndio unaolindwa, na kwamba wewe unayetuambia kuiga si hatari unaishi nchi ya Kusadikika? Najibu kwamba kukamatwa kwa mtu hakuthibitishi kwamba alichokifanya kilikuwa na uzito, kunathibitisha tu kwamba aliyemkamata alikuwa na wepesi wa kukasirika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zimewatia hofu wasanii, na hofu hiyo si ya kubuni. Ninaipinga na nitaendelea kuipinga. Lakini jambo la ajabu ni kwamba wasanii, baada ya kugundua kwamba uso una mlinzi, wamekaa kimya kana kwamba hakuna kingine cha kuchekwa isipokuwa uso. Sisemi kwamba kuicheka ofisi ni salama kuliko kumcheka mtu, maana habari ya Bizonto ingenisuta papo hapo. Nasema kwamba ikiwa hatari ni hatari, basi afadhali mtu ahatarishe mwili wake kwa ajili ya jambo lenye maana kuliko kwa ajili ya pua.

Hiyo tashtiti ninayoitetea si ndoto. Waingereza waliitengeneza mwaka 1980 katika mchezo wa televisheni wa Yes Minister, ulioandikwa na Antony Jay na Jonathan Lynn, ukaendelea hadi 1984, kisha ukarudi chini ya jina la Yes, Prime Minister kati ya 1986 na 1988. Waziri wake, Jim Hacker, hakuigwa kutoka kwa Waziri yeyote aliyekuwa hai. Chama chake hakikutajwa hata mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wizara yake, ya Mambo ya Utawala, haikuwahi kuwapo. Nguvu yote ya mchezo imo katika mtu wa pili, Katibu Mkuu Sir Humphrey Appleby, mwenye adabu isiyo na doa na Kiingereza kirefu kinachomzungusha Waziri hadi akubali kinyume cha alichokiagiza asubuhi, huku Bernard, katibu binafsi wa Waziri, akisimama katikati bila kujua amtumikie nani. Kuna sehemu moja inayohusu hospitali mpya yenye watumishi zaidi ya 500 na isiyokuwa na mgonjwa hata mmoja, nayo inasifiwa kwa usafi wake. Na Katibu Mkuu anaitetea kwa hoja ambazo ukizisikiliza kwa dakika mbili unaanza kuona kwamba kweli wagonjwa ndio waharibifu wa hospitali. Watunzi hawakuyapata haya kwa kukaa mbele ya kioo na kujifunza kukohoa. Walikwenda kwa watu waliokuwa ndani ya serikali, miongoni mwao Bernard Donoughue na Marcia Williams waliomtumikia Waziri Mkuu Harold Wilson, wakawauliza namna mambo yanavyokwenda, kisha wakaandika.

Sasa nimwulize mwananchi mwenzangu: sisi tumekosa nini katika malighafi? Mwaka 2016 Serikali yetu ilitangaza kwamba imewaondoa katika orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000, na Aprili 2017 ikawataja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Waingereza walilazimika kubuni hospitali yenye watumishi wasio na wagonjwa. Sisi, bila kubuni, tulikuwa na mishahara isiyo na watumishi, inayopandishwa madaraja, inayokatwa kodi, inayopitishwa kila mwezi na watu wenye miili na miwani. Au chukua habari ya makao makuu. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba Serikali ihamie Dodoma, na miaka kumi ikakadiriwa kuwa inatosha. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikawa na wakurugenzi, ramani, magari na taarifa za mwaka. Na kwa miaka mingi makatibu wakapanda magari Dar es Salaam kulifuata Bunge Dodoma, wakajaza fomu za posho ya kujikimu, na Bunge lilipoahirishwa wakarejea Dar es Salaam kuendelea kupanga namna ya kuhamia Dodoma. Rais mwenyewe alihamia Oktoba 2019. Mamlaka ile ilikuwa imekwisha kuvunjwa Mei 2017, kabla hajafika. Nani anaweza kunionesha Waziri mmoja ambaye sauti yake, ikiigwa kwa ustadi wa malaika, ingeweza kuibeba hadithi hiyo? Mawaziri waliopita katika miaka hiyo ni wengi mno kuhesabika. Kilichobaki ni faili, na faili lilikuwa na afya njema.

Karibu na sisi hapa, wilayani Ludewa, upo mkaa wa Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mkataba kati ya Shirika la Taifa la Maendeleo na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa sahihi mwaka 2011, na tangu hapo sisi watu wa kusini tumesikia upembuzi yakinifu ukitajwa mara nyingi kuliko tulivyosikia treni.

Lakini kisa ambacho ningekitoa kwanza, lau ningekuwa na studio na fedha, ni cha hapahapa Songea, nacho ni cha Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji huko Litowa, wakalima kwa pamoja, wakajenga shule yao iliyofundisha watoto kazi na kisomo bila kuvitenganisha, wakaungwa mkono na vijiji vingine, wakaunda chama kilichojulikana kama Ruvuma Development Association, wakawa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na mikutano yao ikaamua mambo bila kusubiri barua. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao kiasi kwamba alipotoa waraka wake wa Ujamaa Vijijini mwaka 1967, wengi waliamini kwamba Litowa ilikuwa mbele ya macho yake alipokuwa akiandika. Basi tungetarajia nini? Tungetarajia kwamba maofisa wa mkoa, walioagizwa kueneza ujamaa vijijini nchi nzima, wangekwenda Litowa kwa miguu kujifunza. Badala yake, Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile, mali zake zikachukuliwa, na walimu wa shule yake wakatawanywa. Waliolichunguza jambo hili wameandika kwamba viongozi wa TANU na wa serikali ngazi ya mkoa hawakuweza kuvumilia vijiji ambavyo havikuwa na haja nao. Miaka michache baadaye maofisa wa nchi nzima wakapewa malori na amri ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na watu wakahamishwa kwa nguvu kwenda kufanya, bila kupenda, kile ambacho watu wa Litowa walikuwa wamekifanya kwa hiari yao na wakaadhibiwa kwacho.

Nielezwe katika habari hii ni nani wa kuigwa. Mwalimu? Wako wachekeshaji wanaoiga sauti yake vizuri sana, na watu hucheka kwa mapenzi na majonzi. Lakini ukiiweka sauti hiyo katika kisa cha Litowa haikuambii chochote, kwani sauti ile ilikisifu kijiji na Kamati Kuu iliyokuwa chini yake ikakivunja chama chake. Anayestahili jukwaa hapa ni ofisa wa katikati, yule asiye mwovu, mwenye mke na watoto na deni la baiskeli, aliyeandika dokezo la kwanza la wasiwasi. Na juu yake aliyeliwekea dokezo hilo maneno mawili ya kukubaliana. Na juu yake tena aliyelituma Dar es Salaam likiwa limekwisha kuwa taarifa. Hao watatu wakikaa chumba kimoja kwa nusu saa, kila mmoja akimtafadhalisha mwenzake atie sahihi kwanza, utakuwa na mchezo wa kumchekesha mtu hadi alie, na baada ya kulia ajue kitu asichokuwa akikijua.

Wapo watakaoniambia kwamba kudhihaki mamlaka si mila yetu, na kwamba Mwafrika humheshimu mkubwa. Hoja hii sitaikalia. Mngoni ambaye mtani wake wa Kihehe au wa Kibena amemwingilia msibani, akamtukania marehemu mbele ya jeneza na akalipwa kwa hilo, hana haja ya kufundishwa na mtu yeyote kama dhihaka ni mila au si mila. Na yeyote anayedhani kwamba kuwacheka mawaziri ni jambo la kuletwa na meli, akaisome Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, ambamo Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na wajumbe wanaotumwa nchi za mbali kutafuta mema ya kuifaa nchi yao hutupwa gerezani wanaporudi nayo. Aliyekitunga kitabu hicho alikuwa nani? Alikuwa karani wa Idara ya Forodha na baadaye wa idara nyingine za serikali hiyohiyo. Hakumwiga Gavana. Aliijua ofisi kutoka ndani, akaitundika angani ili hakimu asiipate anwani yake, na kila aliyesoma akaitambua.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi, ambayo wapinzani wangu wangeitumia kama wangeijua, na kwa kuwa hawaitumii sina budi kuitoa mimi. Mama Thatcher aliipenda Yes Minister. Hakuipenda kwa siri; Januari 1984 alipanda jukwaani pamoja na waigizaji wake wawili wakuu, Paul Eddington na Nigel Hawthorne, akaigiza kipande kifupi akiwa yeye mwenyewe Waziri Mkuu. Kwa nini aipende, ilhali inaicheka serikali? Kwa sababu alikuwa na azma ya kuupunguza utumishi wa umma, na mchezo ule, kila juma, uliwafundisha Waingereza kwamba watumishi wa umma ni wajanja wavivu wanaokula kodi. Hivyo hata tashtiti ya ofisi inaweza kuwa kijakazi wa mwenye nguvu, na ninayetetea tashtiti hiyo siwezi kulifumbia macho hilo. Sisi tuliwahi kuyaona ya kwetu: katika miaka ya kutumbua majipu, mkubwa alisimama kwenye mkutano wa hadhara, akamwita mtumishi kwa jina, akamuuliza maswali mbele ya kamera na kumsimamisha kazi papo hapo, umma ukishangilia. Yale nayo yalikuwa maigizo, na mtunzi wake alikuwa dola yenyewe. Mtumishi akachekwa, na faili likabaki palepale lilipokuwa.

Jawabu langu ni kwamba ofisi si kitu kimoja. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya Tunduru au ya Nyasa, mwalimu anayefundisha darasa la watoto mia, mtendaji wa kijiji anayetembelea pikipiki isiyo na mafuta na kuulizwa kwa nini michango haijakamilika, hao nao ni watumishi wa umma, na mchekeshaji anayewageuza kuwa kichekesho amewakanyaga waliokwisha kukanyagwa. Ninachotaka kichekwe ni ule uwezo mkubwa wa kutokuwajibika unaozalishwa pale mtu mmoja anapokuwa na cheo, wa pili ana faili, wa tatu ana mhuri, na hakuna kati yao aliye na jambo lenyewe. Waziri akija ziara, greda hupita siku mbili kabla yake. Taarifa ya mkoa husomwa, nayo ina mafanikio, changamoto na mikakati kwa utaratibu usiobadilika. Jiwe la msingi huwekwa. Agizo hutolewa kwamba ifikapo mwezi fulani maji yawe yanatoka. Kisha msafara huondoka, na hapo ndipo mchezo unapoanza, pale ambapo kamera zetu zote huwa zimekwisha kuzimwa: agizo la Waziri linaingia masijala, linapewa kumbukumbu namba, linaandikiwa dokezo sabili, linakosa kasma, linasubiri bajeti ijayo, na ifikapo bajeti ijayo Waziri amehamishiwa wizara ya mifugo. Vivyo hivyo bungeni: Naibu Waziri husoma majibu aliyoandikiwa na mtu asiyeonekana, mbunge huuliza swali la nyongeza, na yule mtu asiyeonekana, aliyeketi nyuma, huandika kwa haraka kikaratasi kinachopitishwa mkono kwa mkono. Mimi nimevutiwa na kile kikaratasi kwa miaka mingi, na sijaona mchekeshaji hata mmoja aliyekifuata.

Wapo pia wanaodai kwamba watazamaji hawataelewa, kwamba ofisi ni kavu na mwananchi anataka mtu aanguke chini. Huku ni kumdharau mwananchi. Mkulima wa Ruvuma aliyepeleka mahindi yake kwenye ghala la hifadhi ya chakula, akapanga foleni na magunia, akaambiwa mahindi yana unyevu, akayaanika, akarudi, akaambiwa fungu la ununuzi limekwisha, anaujua mwendo wa serikali kuliko mhadhiri wa utawala; anamjua anayesema bosi yuko kikaoni, anajua maana ya mfumo hausomi, anajua lini kuuliza na lini kunyamaza ili asije akasahauliwa. Mtu huyo hamjui Katibu Mkuu kwa sura, wala hahitaji. Akioneshwa mchezo ulioandikwa kwa ujuzi kuhusu safari ya barua moja kutoka ofisi ya kata hadi wizarani na kurudi bila jibu, hatahitaji kufafanuliwa. Atawaita jirani zake.

Basi nawaomba vijana wetu wenye vipaji, wale wanaojirekodi kwa simu huko Msamala na Mjimwema wakirudia kukohoa kwa kiongozi huyu na kutembea kwa yule, waiache kazi hiyo kwa kasuku. Mji huu una makarani wastaafu wa masijala, waandishi mahsusi waliopiga chapa barua za wakuu wa mkoa sita au saba, wahasibu wanaokumbuka kila masurufu yasiyorejeshwa, na madereva waliosikia nyuma ya usukani yale ambayo hayakuandikwa popote. Wengi wao ni wazee, na kila mwaka tunawazika wengine. Wawaendee sasa, wakae nao barazani, wawaulize na kuandika. Majina wayabadilishe, wizara waibuni, chama wasikitaje, kisha wapeleke waliyoyaandika TBC na vituo vingine, na wakikataliwa wayacheze ukumbini. Sauti ya Waziri wamwachie mwenyewe.